Jibu: LUKU (umeme wa kulipia kabla) inaisha haraka tangu tupate presha kuka za mradi

Habari dada. Kwa hiyo kikundi kilipata presha kuka za umeme kwa ruzuku ya wafadhili, na sasa LUKU haifiki mwisho wa mwezi. Usiilaumu sufuria bado. Anza na daraja la bei ya umeme: kama uko D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani, uniti 75 za mwezi ni za bei nafuu, ukizivuka, zinazozidi zinaruka bei. Halafu taa inayoonyesha presha kuka bado inaweka chakula moto. Kwetu hubaki inawaka mpaka asubuhi, watu wamelala! Chomoa. Maharage loweka tangu jioni, na futa mpira wa mfuniko. Mvuke ukivuja, presha haipandi na hita haipumziki. Mita yako sijaiona, soma uniti kabla na baada ya kupika, utuletee.