Fundi wa Shamba Anajibu: Simu, Chumvi na Madalali wa Kongowea

Wiki hizi nimepokea maswali mengi yenye shina moja: vijana wa Mombasa na ndugu zao wanataka kuingia kwenye teknolojia ya kilimo na mlango hawauoni. Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango wa uani, nikiwa fundi wa pampu, kwa hiyo majibu yangu yana harufu ya grisi. Nimechagua saba.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi Likoni. Kompyuta naipenda lakini jembe sijawahi kulishika. Lazima nisome shahada? – Kijana wa Likoni

Shahada si lazima, mdogo wangu, lakini jembe utalishika.

Watu huitaja teknolojia ya kilimo kana kwamba ni kazi moja. Kuna anayefunga pampu za sola na mipira ya matone. Kuna anayetengeneza vihisi, yaani vifaa vya kupima unyevu wa udongo, anayeandika programu za simu, anayesoma picha za setilaiti. Na kuna anayezunguka kwa pikipiki kuuzia wakulima vifaa na kurudi kuvitengeneza vikiharibika. Anayeanza bila cheti hupata nafasi upesi zaidi kwenye ufungaji na huko kuzunguka, na ndiko vijana wengi huona haya kwenda. Mimi ningekwenda huko.

Kusoma kupo. Ukivuka feri, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko pale Tudor, na mambo ya umeme na kompyuta hufundishwa kuanzia ngazi ya chini ya shahada. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kimejengwa mahali palipokuwa chuo cha kilimo, na kilimo bado kinafundishwa hapo. Karo ikiwa tatizo, HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hukopesha wa vyuo vya ufundi pia.

Lakini kabla hujalipa shilingi, tafuta shamba moja Mtongwe au Shika Adabu, uombe ruhusa uwe unakwenda kila Jumamosi kwa miezi miwili. Beba daftari. Andika: leo amemwagilia ndoo ngapi, saa ngapi, ameuza nini, kwa bei gani, nini kimeoza. Usipendekeze chochote. Mwezi wa pili utakuwa unajua hasara yake kubwa iko wapi, na mara nyingi haitakuwa pale ulipodhani.

Nina stashahada ya kilimo, nimekaa bila kazi. Rafiki zangu wananiambia nijifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Ni kweli? – Dada wa Mikindani

Ni kweli nusu, dadangu. Anza na jedwali la kompyuta, lile la kawaida la kuhesabia, ulijue mpaka uweze kuchukua rekodi za mashamba 50 na kuonyesha lipi linapoteza mbolea. Kisha QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa. Python ije baadaye, ukishachoka kurudia kazi ileile kwa mkono.

Picha za setilaiti pia zipo bure. Sentinel-2 ya Ulaya hupita juu yetu karibu kila siku 5, na kila kijiraba cha picha ni mita 10 kwa 10. Piga hesabu: nusu ekari ni kama mita 2,000 za mraba, yaani viraba 20 tu, na vya pembeni vimechanganyika na minazi ya jirani. Atakayekuambia anaona mche mmoja wa mchicha kutoka angani kwa picha hizo anakuuzia upepo. Tena msimu wa masika mawingu hufunika kila kitu. Hapo wenye kujua hutumia Sentinel-1, ya rada, inayopenya mawingu.

Aliyesomea kompyuta akiona rangi ya njano kwenye ramani ataandika "ukame". Wewe utauliza kama ni mahindi yaliyokwisha kukomaa. Hapo ndipo mshahara wako ulipo.

Nimeunda kifaa cha kupima unyevu. Nyumbani kwenye chungu cha maua kinafanya kazi vizuri. Nimekipeleka Mtwapa kinasema udongo umelowa siku zote, na mimea inakauka. Nimekosea wapi? – Fundi chipukizi, Bamburi

Karibu kwenye chama. Mwaka wangu wa kwanza niliweka vihisi sita kwenye shamba la bamia, hatua chache kutoka ufuoni. Simu yangu ikawa inasoma "udongo umelowa" huku bamia zikinyauka. Mwenye shamba hakusema neno. Aliinama, akachota udongo, akaufinya, ukamwagika kama sukari. Nilitamani ardhi inimeze, ila hata hiyo ilikuwa kavu mno.

Bila shaka kijiti chako cha kupimia ni kile cha meno mawili ya chuma yaliyo wazi. Hicho hupitisha umeme kutoka jino moja hadi jingine na kupima jinsi unavyopita. Maji ya visima vya huku kwetu mara nyingi yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo kifaa chako kinapima chumvi kikidhani ni maji. Halafu ule umeme wenyewe unakila chuma. Ukikichomoa baada ya wiki kadhaa utaona jino moja limeliwa. Tumia aina ya pili, isiyo na chuma wazi, inayopima udongo unavyohifadhi chaji. Nayo chumvi huisumbua, lakini kidogo. Kingo za kibao chake zifunge kwa gundi ya epoksi, au rangi ya kucha ikiwa mfuko mwepesi, na ukiwashe wakati wa kupima tu, si mchana kutwa.

Sasa kosa la pili, ambalo nadhani ni kubwa zaidi. Hukukipima kwa udongo wa shamba lenyewe. Chukua udongo wa pale Mtwapa, soma kifaa kinasemaje, kisha upime uzito wake. Ukaushe kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Tuseme ulikuwa gramu 150 umebaki 135: maji ni gramu 15, gawanya kwa 135, upate asilimia 11 kwa uzito. Mchanga wetu una uzito wa kama gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kwa ujazo ni kama asilimia 17. Rudia kwa udongo mkavu kabisa, wa katikati na uliojaa maji, uchore mstari wako mwenyewe wa kulinganisha namba ya kifaa na maji halisi.

Na usichukue namba za watu. Mchanga wa pwani, maji yakishachuja, unaweza kubaki na asilimia 10 tu kwa ujazo na ukawa umeshiba. Udongo wa mfinyanzi ungebaki na 35 au zaidi. Ukinakili programu ya mtu wa bara inayosema pampu izimwe unyevu ukifika asilimia 30, pampu yako haitazimika mpaka kisima kikauke.

Ukipata pesa kidogo nunua kipimo cha chumvi. Maharagwe huanza kupunguza mazao chumvi ya udongo inapopita desisimensi 1 kwa mita (ndiyo namba utakayoisoma kwenye kipimo hicho), mahindi 1.7, nyanya 2.5. Pengine shida ya shamba hilo si maji machache hata kidogo, na umwagiliaji mwingi wa maji yaleyale unaizidisha.

Nataka kununua droni nianze biashara ya kupulizia dawa. Ushauri? – Ndugu wa Changamwe

Usinunue bado. Tangu kanuni za mwaka 2020, droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na anayeirusha kwa biashara anahitaji leseni ya urubani wake. Na wewe uko Changamwe, ndugu yangu, uwanja wa ndege uko mlangoni kwako, na ng'ambo ya maji Mtongwe kuna kambi ya wanamaji. Soma leseni kwanza, ufanye kazi na mwenye droni. Mashamba ya robo ekari yenye minazi katikati hayailipi.

Mimi nauza nyanya Kongowea miaka mingi. Binti yangu amesomea kompyuta, anataka kukopa atengeneze programu ya kuwaunganisha wakulima na wanunuzi moja kwa moja, madalali waondoke. Nimruhusu? – Mama wa Kongowea

Bi mkubwa, wewe ndiye ungepaswa kujibu hili, na binti yako angekuuliza wewe kabla ya kuniuliza mimi. Nitajaribu hata hivyo.

Kila mwaka nakutana na kijana mwenye wazo hili. Anamwona dalali kama mtu anayesimama katikati kula asilimia. Lakini wewe unajua dalali hufanya nini saa kumi alfajiri nyanya za Taveta zinaposhuka. Anamjua mkulima anayeficha nyanya mbovu chini ya kasha. Anakukopesha mzigo asubuhi umlipe jioni. Mzigo ukibaki, anajua nani Majengo atauchukua kwa bei ya hasara. Programu inayoonyesha bei haifanyi hata moja kati ya hayo. Kulipana kwa simu si tatizo tena, M-Pesa ilikuja 2007. Kilichobaki ni nani atabeba hasara nyanya zikipondeka njiani.

Kwa hiyo mkopo, hapana, bado. Akae nawe sokoni mwezi mzima, si siku moja ya kupiga picha. Kisha achague zao moja na tatizo moja. Twiga Foods, kampuni ya kusambazia wauzaji mazao, ilipoanza 2014 Nairobi ilianza na ndizi, haikuanza na soko zima. Pengine atagundua kwamba wenzako hapo wanahitaji daftari la madeni la kwenye simu, au namna ya kuagiza mzigo pamoja mkodi lori moja. Hilo aweza kulijaribu kwa kundi la WhatsApp na bila kuandika programu yoyote. Wenye mulika mwizi, simu ndogo zisizo na intaneti, wawekewe njia ya kubonyeza nyota na reli (* na #). Watu 20 wakilitumia miezi mitatu bila kubembelezwa, hapo tuzungumze mkopo.

Na dalali mmoja mwaminifu amfanye mshirika. Ukimfukuza sokoni atarudi na bei nzuri kuliko yako.

Mombasa kisiwani hakuna shamba. Bahari je, ni kilimo? – Mwanafunzi, Mji wa Kale

Ni kilimo, na kina upungufu wa mafundi. Kibuyuni, Kwale, akina mama wanalima mwani. Wafugaji wa samaki wa pwani wanafuga mwatiko kwenye mabwawa ya maji ya chumvi. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko hapo Mkomani; nenda uulize nafasi ya mafunzo. Mwani aina ya cottonii huuzwa bei nzuri kuliko spinosum lakini hudhoofika upesi maji yakipata joto, kwa hiyo kipimajoto kinachodumu baharini ni kazi ya mtu mmoja kwa mwaka mzima. Kikaushio cha sola kisichoharibiwa na mvua ni kazi nyingine. Chuma kitashika kutu. Fikiria plastiki tangu siku ya kwanza.

Babu yangu ana mihogo Kisauni. Nikimwonyesha programu ya simu ya kutambua magonjwa ananicheka. Nifanyeje? – Mjukuu

Hana makosa sana, mwanangu. Programu ya Nuru ya PlantVillage ni nzuri, huongea Kiswahili na hufanya kazi bila intaneti, nayo itakutambulia ugonjwa wa batobato kwenye majani. Lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia mara nyingi hujificha: majani huonekana ya kawaida, na ukikata mhogo unakuta umeoza ndani, rangi ya kahawia. Kibandameno, aina ya mhogo ambao wazee wanaupenda kwa utamu, huugua.

Weka simu mfukoni siku ya kwanza. Muulize babu vipando alivitoa wapi, na vya mwaka gani. Kisha mng'oe mashina kumi, kila moja kutoka sehemu tofauti ya shamba, mkate mihogo yake vipande mbele yake. Hesabu mashina yaliyooza ndani. Baada ya hapo piga picha majani ya mashina hayohayo, mwone pamoja simu imesema nini. Ikiwa yaliyooza ni mengi, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, la Mtwapa si mbali, wana mbegu zinazostahimili. Niandikie umepata mangapi kati ya kumi, na babu alisema nini.