Ukingoja Wote Wakubali, Utangoja Sana

Binti mmoja wa Jinja ameniandikia wiki hii: "Dada, nimepata kibanda sokoni, mtaji ninao, lakini nyumbani hawajakubali. Nimeshawauliza wote. Nifanyeje?" Nilimjibu mistari miwili, hakuridhika. Basi leo namjibu kwa kirefu, yeye pamoja na nyie wengine mnaosoma kimya kimya mkiwa na mipango yenu mfukoni.

Kuuliza nakujua. Baba alipofariki aliniachia shamba la kahawa nje kidogo ya Bombo, huku Uganda. Robusta ya zamani, miti iliyorefuka hadi unavuna kwa ngazi, na kila msimu inazaa kidogo kuliko uliopita. Ugonjwa wa mnyauko wa miaka ya 1990 ulikuwa umeshaua sehemu kubwa, na iliyosalia ilikuwa imezeeka. Nikaanza kuzunguka. Shangazi akasema ng'oa, panda mananasi, hapa ni Luweero. Baba mkubwa akasema kalitusi, mti usiokusumbua. Jirani akasema kata viwanja uuze, Kampala inakuja. Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, naye alikuwa na lake. Kila mmoja alisema kwa uhakika, na hakuna aliyekuwa tayari kutoa hata shilingi mia endapo ushauri wake ungeniharibikia.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuuliza jambo linafanywaje ni elimu. Kuuliza kama unaruhusiwa kulifanya, wakati shamba ni lako na pesa ni yako, ni kumkabidhi mwingine maisha yako. Baba mkubwa nilimwomba ruhusa. Bwana shamba nilimuuliza namna, na ndiye aliyenisaidia.

Alinionyesha mwenyewe. Mti mzee unakatwa sentimita 30 hivi kutoka ardhini, kwa mshazari, ili maji ya mvua yasituame kwenye kidonda. Unakata kiangazi kikielekea mwisho, mvua za Machi zikukute umemaliza. Kisiki kinachipua pande zote. Unabakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine unayatoa bila huruma. Na msumeno unaupitisha motoni kabla ya kwenda mti mwingine, kwa sababu mnyauko ni ugonjwa wa kuvu na hupenda kuingilia kwenye majeraha. Baada ya miaka miwili hivi unavuna tena, tena ukiwa umesimama chini. Katika ukoo mzima uliokuwa ukinishauri, hakuna aliyekuwa akiyajua hayo.

Nikakata. Baba mkubwa alipita akitoka swala ya Ijumaa, kanzu yake nyeupe, akasimama kwenye mpaka akitazama visiki. "Mwanangu," akasema, "hata marehemu hukumwonea haya?" Akaenda zake. Neno lile mpaka leo linaniuma, sitawadanganya.

Muda uliofuata siusimulii. Niliuza mihogo, nikanyamaza.

Kisha ukaja mwaka 2024. Ukame ulipiga Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa robusta, na mwezi Septemba bei kwenye soko la London ikapita dola 5,000 kwa tani. Huku kwetu kilo ya kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, ikavuka shilingi 5,000, na wanunuzi wakawa wanakufuata mpaka uani kwa bodaboda. Mimi sikuotea ukame wa Vietnam, na mkulima anayekwambia aliuotea anakudanganya. Lakini machipukizi yangu yalikuwa yanazaa kuliko miti ile ya ngazi, bei ipande isipande. Wenzangu walikuwa na kalitusi ambazo bado hazijafaa hata kwa nguzo.

Kwa hiyo, wadogo zangu, jiaminini. Binti wa Jinja, fungua kibanda chako, nyumbani uwaambie ukishafungua. Watu wengi hawapingi wazo lako kwa kuwa ni baya. Wanapinga kwa kuwa hawajawahi kuona mtu wao akilifanya. Ukiwangoja waelewe kwanza, umri utakwisha. Jiamini! Sisemi urukie mambo gizani. Mimi nilikata safu moja nikaacha mbili zinazofuata, ili niwe na cha kuuza wakati visiki vinachipua. Nawe anza na bidhaa chache. Lakini anza, na uanze kwa akili yako. Mungu hakukupa akili uiazimishe kwa shangazi.

Najua baadhi yenu mtasema ninawavunjia wazee heshima. Siwavunjii. Bado nampelekea baba mkubwa sukari kila Ramadhani, na bado namsalimu kwa kupiga magoti. Siku hizi anawaambia watu msikitini kwamba kukata ile kahawa lilikuwa wazo lake. Mbele yake nanyamaza, ni mzazi. Ila nyie nimeshawaambia.