Kompyuta ya Studio Haisasishwi Kazi Ikiwa Mkononi

Juzi usiku kijana mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kompyuta yangu ya kurekodia bado inatumia Windows 10, na kila nikiiwasha inanikumbusha kuhamia Windows 11. Nina albamu ya nyimbo nane, tano zimeisha. Nisasishe au niache?" Nilimjibu pale pale: "Marahaba mdogo wangu, acha kwanza." Nikaweka simu pembeni, lakini usingizi ukagoma, maana swali lake lilikuwa limetonesha kidonda changu.

Mimi wakati wangu sikumuuliza mtu. Ilikuwa saa tano usiku, nimemaliza kumiksi, macho yamechoka, na kile kidirisha cha kusasisha kikatokea tena kwenye kona ya skrini kama kilivyofanya wiki nzima. Nikakubali, nikazima spika, nikaenda kulala. Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa na dada mmoja wa kuja kuingiza ubeti wa mwisho wa wimbo wake. Jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa anasafiri.

Alifika kwa wakati. Akavaa hedifoni, akasimama mbele ya maikrofoni, akasema, "Niko tayari kaka." Nikatupia jicho saundi kadi, kile kifaa kinachoingiza sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta: ile taa ya kijani niliyoizoea haipo, kuna nyekundu inayowaka na kuzima. Programu ya kurekodia inasema haioni kifaa chochote cha sauti. Nikachomoa waya wa USB, nikachomeka tundu la pili, nikawasha kompyuta upya. Nyekundu ile ile. Halafu kikafunguka kidirisha kirefu chenye orodha ya plagini, yaani vile viprogramu vya kutengeneza sauti vinavyofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia, ambazo hazikupatikana, kumi na moja, na mojawapo ni ile niliyoitumia kunyoosha sauti yake kwenye beti mbili za mwanzo. Nyuma yangu namsikia anapasha koo taratibu, aa, aa, aa, akijua tunaanza wakati wowote.

Saa sita na nusu alivua hedifoni, akaiweka juu ya kiti kwa upole ambao uliniumiza kuliko kama angenifokea. "Basi kaka, nitamalizia huko niendako." Na kweli alimalizia, kwa prodyuza mwingine, na wimbo ukatoka kwa jina la huyo mwingine. Mdundo ni wangu, gitaa nimepiga mimi. Mpaka leo ukipigwa mahali nilipo, nanyamaza.

Na unajua kilichonichoma zaidi? Jioni ile nilifungua tovuti ya watengenezaji wa saundi kadi yangu nikakuta tangazo la mistari miwili: draiva ya mfumo mpya bado inaandaliwa, watumiaji wasubiri. Liliwekwa siku kadhaa kabla sijasasisha. Kulisoma kungenichukua nusu dakika.

Tuelewane hapa, maana wengi wanadhani kusasisha ni kubadilisha sura ya skrini. Saundi kadi na mfumo endeshi, yaani Windows au macOS ya Mac, vinaelewana kupitia draiva, ambayo ni kama mkalimani wao. Mfumo ukibadilisha lugha na mkalimani hajajifunza, kadi nzima inakuwa bubu. Plagini nazo ziko hivyo hivyo. macOS Catalina ilipotoka mwaka 2019, programu zote za biti 32, zile za muundo wa zamani, ziliacha kufunguka, na plagini ambazo watengenezaji wake walishaziacha zikazikwa siku hiyo. Mwaka 2025 macOS Tahoe ikaondoa FireWire, aina ya zamani ya kuunganisha vifaa kwa waya, na saundi kadi za zamani zinazorekodi vizuri kabisa zikakosa pa kuchomekwa. Kama wewe unasasisha kwa sababu tu kidirisha kimetokea, hayo utayajua mteja akiwa amesimama mbele ya maikrofoni.

Sisemi tusisasishe milele. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyopata viraka vya usalama ikizurura kwenye intaneti inatafuta balaa. Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha ili kuendelea kupata viraka hivyo hadi 13 Oktoba 2026, kwa hiyo kijana wangu muda anao. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, na kompyuta yako ya zamani huenda isikubaliwe kabisa. Angalia hilo kabla ya yote. Ukihama, una siku 10 za kurudi ulikotoka bila kupoteza mafaili yako. Kwenye Mac hakuna kitufe cha kurudi namna hiyo, unafuta diski na kuanza upya.

Mimi mwezi uliopita nimesasisha, na nasema kwa fahari kwamba hakuna hata mradi mmoja uliogoma. Nilikabidhi kazi zote kwanza. Nikaandika plagini zangu zote kwenye daftari, 34, nikaenda tovuti moja baada ya nyingine. Mbili hazikuwa tayari, nikasubiri miezi minne. Ndiyo, minne! Kila treki, yaani kila sauti au ala peke yake, nikaitoa kuwa faili la sauti la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri, ili hata programu ikifa niweze kuzipanga kwingine. Nikanakili diski nzima kwenye diski ya nje, nikafungua miradi mitatu kutoka kwenye nakala hiyo, maana nakala ambayo hujaifungua hujui kama unayo.

Maprodyuza wenzangu, tuache ushamba wa kukimbilia toleo jipya siku linapotoka. Mteja hasikii toleo la mfumo wako, anasikia sauti yake. Simu sasisha, kompyuta ya nyumbani sasisha, ya studio isubiri kazi iishe. Nasema tena, kazi iishe, kisha kagua draiva, kisha kagua plagini, kisha nakili, ndipo uguse.

Na wewe mdogo wangu, zimebaki nyimbo tatu. Zima vikumbusho vya kuhama, malizia albamu, itoe. Wakati huo anza kuniandikia orodha ya plagini zako na jina la saundi kadi, tuikague pamoja mstari kwa mstari.