Re: Paka ana mapunye, itrakonazo haifanyi kazi

Pole, ndugu. Umesema paka wako kamaliza wiki tatu za itrakonazo (dawa ya kuua fangasi) ya maji iliyochanganywa kwenye duka la dawa na vipara bado vinaenea. Kabla hujalaumu dawa yenyewe, angalia ilivyotengenezwa. Itrakonazo haiyeyuki kirahisi kwenye maji, kwa hiyo ukichukua unga mtupu ukautia kwenye sharubati, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka na kinyesi. Mimi hiyo siigusi kabisa.

Dawa ya maji ya kiwandani ni kitu kingine: humo molekuli za dawa zimebebwa na saiklodekstrini, aina ya sukari inayoisaidia iyeyuke, hivyo hufyonzwa vizuri zaidi, hasa tumbo likiwa tupu. Kapsuli ni kinyume chake. Hizo mpe pamoja na chakula, maana zinahitaji asidi ya tumbo. Kama anatumia omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, mwambie daktari.

Ile ya maji iliyosajiliwa kwa paka hutolewa miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, wiki moja anakunywa, wiki moja anapumzika, hadi zitimie wiki tatu za dawa. Akikataa kula au akitapika, simamisha umpeleke akapimwe ini.