Sarufi wanaijua, kwenye usaili wanakuwa bubu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza kwenye chuo kidogo hapa Mafinga, kozi ya hoteli na mapokezi. Vijana wangu wamemaliza kidato cha nne na jaribio la sarufi hawalikosei. Mwezi uliopita wanne waliitwa kwenye usaili Iringa mjini, wote wakarudi mikono mitupu. Wanasema walipatwa na kigugumizi. Nimewaongezea sarufi, na mlangoni kwangu nimebandika "No English, no service". Nakosea wapi?
Mwalimu wa Mafinga

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwanza hicho kibandiko kibandue. Nami niliwahi kuwa nacho. Wanafunzi hawakuanza kuongea Kiingereza, waliacha tu kuja ofisini.

Mtoto wetu wa shule ya serikali anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, halafu akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Ananakili ubaoni na kukaa kimya asichekwe. Anapofika kwako ana miaka minne ya mazoezi ya kunyamaza, wewe unamwongezea sarufi!

Shughulika na pale Kiswahili kinapomponza. Kabla sijashika chaki nilikaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni Iringa. Mgeni akaniuliza, "Don't you have hot water?" Nikamjibu "Yes", maana kwetu ukiulizwa "Hamna maji ya moto?" na kweli hamna, unaitikia ndiyo. Akaenda zake kuoga. Ilikuwa Julai, na baridi ya Iringa ya Julai huhitaji kusimuliwa. Jibu lilikuwa "No", na hakuna mtihani uliowahi kuniuliza hilo.

Saa ndiyo mbaya zaidi. Chai ya asubuhi ni saa moja, kijana anamwambia mgeni "one o'clock", mgeni anashuka mchana na njaa yake. Chukua saa ya ukutani, zungusha mishale, wajibu kwa sauti kila asubuhi mpaka wachoke. Na "pole" yetu: mgeni akijikwaa wataropoka "Sorry", naye atashangaa kwani wamemsukuma wao? Wafundishe "Are you all right?"

Kuhusu kigugumizi, wape jambo wanalolijua tayari. Mimi wangu nawapeleka Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa. Habari ya vita vya Lugalo, Mkwawa alipowapiga Wajerumani mwaka 1891, na ya fuvu kurudishwa mwaka 1954 wanazo kwa Kiswahili tangu utotoni. Kazi inabaki kutafuta maneno. Mmoja anakuwa mwongozaji, wengine wageni wasumbufu wenye maswali. Ruksa kukosea, ruksa kusema "Could you say that again, please?" Sentensi hiyo wafundishe kabla ya nyingine zote, kwani anayeweza kuomba arudiwe swali hana sababu ya kuganda. Huwa siwasahihishi mpaka tukiwa kwenye daladala ya kurudi mjini, na hapo ni makosa mawili tu kwa kila mtu.

Hao wanne waketishe Jumatatu. Waulize waliulizwa nini hasa na walijibu nini, neno kwa neno, kisha somo la siku hiyo lianzie hapo.