Maswali na Majibu: Malisho, Ukame na Lawama Aliyotwishwa Ng'ombe

Swali (Longido): Tunaambiwa kwamba ng'ombe wetu ndio wanaoharibu hali ya hewa. Je, ni kweli?

Jibu: Sehemu yake ni kweli. Vijidudu vilivyomo tumboni mwa mnyama anayecheua hutoa gesi ya methani vinapovunjavunja nyasi, na nyingi kati yake hutoka mdomoni anapobeua, si kwa nyuma kama watu wanavyopenda kutania. Methani hupasha joto kuliko kaboni dioksidi, lakini hudumu hewani kwa takriban miaka 12, ilhali sehemu kubwa ya kaboni dioksidi inayotokana na makaa ya mawe na mafuta hubaki kwa karne nyingi. Kumtwisha mfugaji wa Longido mzigo wa viwanda vya nchi nyingine si haki. Hata hivyo, ng'ombe anayekula mabua makavu na kuzaa mara moja kwa miaka miwili hutoa methani nyingi zaidi kwa kila lita ya maziwa kuliko yule aliyeshiba na mwenye afya.

Swali (Kishapu): Babu yangu alikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho linalotengwa kwa ajili ya kiangazi. Je, utaratibu huo bado una maana wakati mvua zenyewe hazitabiriki?

Jibu: Una maana kuliko zamani. Katika ngitili, eneo hufungwa mifugo isiingie mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue na kudondosha mbegu, kisha hufunguliwa kiangazi kipande kwa kipande. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, na kufikia mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mkoani humo, zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu. Miaka ya 2000 ilipoingia, zilizorejeshwa zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu yeyote, bali ilichipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini.

Siri iko chini ya udongo. Jani likiliwa mapema mno, mmea hutumia akiba ya mizizi kuotesha jingine, na akiba ikiisha, mvua ikinyesha hukuta ardhi tupu na kutiririka na udongo wake. Shika shina la nyasi ulivute: likitoka na mizizi yake, usifungue eneo hilo. Ngitili ya pamoja iingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na kulindwa kwa sheria ndogo, la sivyo itageuzwa shamba.

Swali (Monduli): Kiangazi kimekuwa kirefu. Ninunue nyasi kavu au niuze?

Jibu: Uza sasa. Waliosubiri katika ukame wa 2008 hadi 2009 walifika mnadani wote kwa pamoja, na ng'ombe ambaye kila asubuhi huinuliwa kwa kushikwa mkia na pembe hana mnunuzi. Anza na maksai na majike wazee, ubakize mitamba na wanaonyonyesha, ambao ndio watakaonunuliwa nyasi.

Swali (Marsabit, Kenya): Nina bima ya mifugo, ng'ombe wangu watano wamekufa, nami sijalipwa. Kwa nini?

Jibu: Bima hiyo, iliyoanza kujaribiwa huko Marsabit mwaka 2010, haihesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima, na malipo hutolewa ukijani huo ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba. Ikiwa wako walikufa kwa ugonjwa, au upande wako ulikauka huku sehemu nyingine za eneo zikiwa bado na majani, hulipwi. Ukijani wa eneo ukishuka kiasi hicho, utalipwa hata kama hukupoteza mnyama, nawe utumie fedha hizo kununulia chakula cha waliobaki.