Usimuulize Bibi Jana Alikula Nini

Wiki iliyopita nilisimama nyuma ya pazia la kitanda cha nne nikimsikiliza intani wetu akichukua historia ya ulaji ya saa 24. Mgonjwa ni mzee wa miaka 81, demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, imeandikwa kwenye faili kwa wino mwekundu. Shikamoo imetolewa vizuri, kalamu inakimbia, na mzee anajibu bila kukwama: asubuhi chai ya maziwa na vitumbua vitatu, mchana ugali kwa sato, jioni ugali tena. Intani akaandika "ulaji mzuri", akapiga na mstari chini yake. Mkono wa mzee huyo ungeuzungushia vidole viwili na nafasi ikabaki.

Sikugomba. Nilirudi ofisini nikakaa, maana maneno hayo hayo, "ulaji mzuri", niliyaandika mimi, afisa lishe wenu, miaka kumi na mbili iliyopita. Kwa hiyo wadogo zangu, someni haya kabla ya raundi ya Jumatatu. Nimeweka namba ili asitokee wa kusema hakuelewa.

1. Demensia huanza kula kilo mapema. Mara nyingi uzito unashuka miaka kadhaa kabla familia haijaanza kusema "bibi siku hizi anachanganya". Pua inapoteza harufu, mboga inakosa ladha, mtu hajui kama ameshakula au bado. Baadaye mikono inasahau kumega, na mwishoni koo linasahau kumeza. Pima kila anapokuja na ulinganishe na kadi ya zamani.

2. Historia ya ulaji muulize anayeosha vyombo.

Bibi niliyemwandikia "ulaji mzuri" miaka ile aliletwa kutoka Ukerewe kuja kukaa kwa mwanawe Igogo, hapa Mwanza. Ana kisukari, ana presha, na ana usahaulifu ambao wote tuliuita uzee. Kilo 58. Nilimuuliza mwenyewe, kwa heshima zote, jana alikula nini. Akanipa simulizi tamu mno: dagaa wabichi waliokaangwa na nyanya, ugali wa udaga (muhogo uliovundikwa), maziwa mgando, na jioni matobolwa (viazi vitamu vya kukausha) na karanga. Nilimpenda. Nikaona tatizo la bibi huyu ni shibe. Nikamchapia karatasi: sukari marufuku, chumvi marufuku, vya kukaanga marufuku, ugali usizidi ngumi moja. Sauti yangu siku ile ilikuwa ya mwalimu wa zamu. Mwanawe ni mtu wa nidhamu, akaenda kuibandika ukutani juu ya meza ya chakula.

Miezi mitano baadaye akarudi na kilo 49.

Nikamuuliza tena. Akarudia menyu ileile, neno kwa neno, mpaka karanga. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikamgeukia mkwewe, ambaye mara zote alikuwa amekaa palepale kwenye benchi na mkoba wa bibi mapajani. Akasema taratibu, "Daktari, hicho ni chakula cha kambini kwao, enzi anaanika dagaa. Mimi nilikuwa hata kuolewa sijaolewa." Mimi si daktari, na siku ile hata uafisa lishe niliuona mkubwa kwangu. Nilikuwa nimechukua historia ya ulaji ya miaka thelathini nyuma nikaipigia marufuku ya leo.

Nyumbani ilikuwa hivi: mboga isiyo na chumvi anaionja na kuisukuma. Uji usio na sukari anawamwagia kuku. Mchana nyumba haina mtu, chakula kinaachwa kwenye hotipoti, naye akiiona hotipoti anaona chombo tu, haoni chakula. Jioni mwanawe anauliza, "Mama, umekula?" "Nimekula, mwanangu." Wote wanalala na amani. Kilo 9 kati ya 58 ni zaidi ya asilimia 15, na ndani ya miezi sita hata asilimia 10 ni ya kuamsha watu. Mkwe akaongeza, akiwa haniangalii, kwamba majirani wameshaanza: bibi anakauka, macho mekundu, usiku anaongea peke yake. Mnajua huku kwetu maneno ya namna hiyo, ya uchawi, yameshawafikisha vikongwe wapi. Na karatasi iliyomkausha ina saini yangu.

Tuliichana. Sukari kidogo ikarudi kwenye uji, chumvi ikarudi kwenye mboga, dagaa wakasagwa kuwa unga na kuingia kwenye mchuzi. Daktari akapunguza dawa za kisukari, kwa sababu dozi ya mtu wa kilo 58 anayekula si ya mtu wa kilo 49 asiyekula. Bibi alikuwa amemeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, na dawa hiyo hushusha vitamini B12. Tukapima, ikawa chini, akachomwa sindano. Kumbukumbu haikurudi, msije mkawaahidi watu hivyo. Alichangamka kidogo, akafika kilo 52, akasimama hapo.

3. B12 na tezi ya shingo zipimwe kabla hujamhukumu mtu kwa demensia. Mnywa gongo aliyekonda apewe thiamini (vitamini B1) kwanza, dripu ya glukosi ifuate.

4. Fomu fupi ya MNA, ya kupima hali ya lishe ya wazee, ina maswali 6 na alama 14; akipata 7 au chini yake huo ni utapiamlo, sitaki kuona "tutaangalia". Mgongo ukipinda usimbane ukutani, kadiria urefu kwa kupima goti. Kwa kumbukumbu, tumieni kipimo cha IDEA kilichotengenezwa Hai, Kilimanjaro, chenye njiti za kiberiti. Hakimuaibishi mtu asiyejua kusoma.

5. "Anakataa chakula" si utambuzi. Tulikuwa na mzee mvuvi kutoka Kayenze, siku tatu faili linasema anakataa chakula. Nesi wetu mkubwa akaja na beseni na jagi, akamnawisha, akavuta stuli, akamega tonge akala yeye kwanza. Mzee akamtazama, akapeleka mkono sahanini. Siku tatu tulikuwa tunamsogezea kijiko mdomoni mtu aliyekula kwa mkono maisha yake yote, kalazwa chali! Aketi wima, abaki wima nusu saa baada ya kula. Akikohoa, au sauti ikiwa kama ina maji baada ya kumeza, simamisha chakula uite mtu.

6. Mpira wa puani wa kulishia kwa demensia ya hatua za mwisho: ndugu watauomba wakilia, na ninyi mtataka kuwafurahisha. Haujaonyesha kurefusha maisha wala kuzuia nimonia. Kulisha taratibu kwa mkono, kiasi anachotaka, ndiyo kazi.

7. Wale wa stendi wenye chupa za "kurudisha kumbukumbu". Ndugu watakuuliza, jibu kwa heshima. Finland watu 1,260 waligawanywa makundi mawili; kundi moja likapewa lishe bora, mazoezi, kazi za akili na uangalizi wa presha vyote pamoja kwa miaka miwili, likafanya vizuri kiasi kuliko lenzake kwenye vipimo vya akili. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Marekani walijaribu mlo maalumu kwa miaka mitatu, watu 604 wakigawanywa makundi mawili, na mwaka 2023 ikaonekana tofauti na kundi jingine ni ndogo mno kuitegemea. Na wote hao walianza wakiwa bado hawana demensia. Chupa ya elfu arobaini ingenunua sato wangapi pale sokoni Kirumba?

8. Mizani ya wodini inasoma kilo 2 zaidi tangu ilipoangushwa na mtu ambaye simtaji ila yumo kati yenu. Hadi itengenezwe, tumieni ya kliniki ya wazee, na anayeiazima airudishe na betri zake.